Kumtafuta Mihayo kwa Mada

Sura ya mume wangu ninayo. Imetundikwa sebuleni, amevaa koti la kuazima siku ya ubatizo wa binti yetu, Odeta. Sauti yake ndiyo iliyonitoka. Hata mwaka haukuisha tangu tumzike, nikawa nikimkumbuka Mihayo namwona anafungua mdomo na hakuna kinachosikika. Hilo lilinitisha kuliko msiba wenyewe.

Simu hakuziweza. Mashine yake ya kusaga pale Kamanga, aliyoiendesha tangu ujana wetu, ilimmaliza masikio kidogo kidogo, na mtu asiyesikia atampigia nani? Kwa hiyo hakuna hata salamu moja aliyoiacha. Ni Odeta aliyekumbuka kwamba mtafiti wa chuo aliwahi kuja kanisani kwetu na kinasa sauti, akazungumza na wazee mmoja mmoja. Baba yake alikuwemo. Hata mimi siku ile naikumbuka vizuri, kwa sababu nilinuna. Mihayo alirudi nyumbani kashiba soda, nikamwuliza kwa ishara amesema nini huko, akanijibu, "Mambo ya wazee tu," akaenda kulala. Mimi mkewe hanihadithii kitu, mgeni anampa saa nzima!

Tukavuka kwa kivuko cha asubuhi kwenda Mwanza. Nilivaa kitenge kipya, nikajipaka mafuta, Odeta akanicheka kwamba nimejipamba kama ninayekwenda kuposwa. Nilimwacha acheke. Kweli moyo ulikuwa unanienda mbio.

Mtafiti mwenyewe, Venant, alitupokea kwa shikamoo na viti. Alipotusikiliza akajikuna kichwa. Majina ya wazee hayamo, alitueleza, maana waliahidiwa kwamba hayatawekwa popote. Sauti zote zimepangwa kwa mada. Kila mzee aliulizwa ni kitu gani cha zamani anatamani kirudi, na maneno yake yakahifadhiwa chini ya kitu hicho. Ndio utafiti wake, kuona kama mtu anaweza kuifikia kumbukumbu kwa kujua mada yake tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi niliona kazi yenyewe ni nyepesi, kwani nani anamjua Mihayo kunishinda?

"Weka ng'ombe," nikamwambia.

Akaandika kwenye kompyuta, ng'ombe wakaja. Mzee mmoja alikuwa anawataja ng'ombe wa baba yake kwa rangi zao, mwekundu, mwenye mabaka, yule wa pembe moja, taratibu kama mtu anayewafungulia zizi. Nikamkumbuka marehemu baba yangu, machozi yakanilenga. Lakini Mihayo hakuwemo.

Nikasema ngoma. Mihayo alikuwa mchezaji, mwenye njuga miguuni, na mimi nilimwona kwanza kwenye vumbi la uwanja baada ya mavuno, anaruka kama hana mifupa. Bibi mmoja alikuwa anasimulia mashindano ya zamani, jinsi vijiji vilivyohama usiku kucha kwenda kushangilia upande wao, na nilicheka peke yangu kwa kuwa yote yalikuwa kweli. Mihayo hakuwemo. Tukajaribu mashine, unga, ziwa, hata sato wa kuchoma. Tulisikia wazee wa watu, wazuri tu, lakini si wangu.

Nikaanza kuona aibu mbele ya mtoto niliyezaa na Mihayo. Miaka yote ile kitanda kimoja, kumbe sijui hata alichokuwa anakitamani. Nikanyanyuka, nikamwambia Odeta twende zetu kabla kivuko hakijajaa.

"Mama, kaa kidogo," Venant alisema. "Unanitajia vitu alivyovipenda. Wengi walinitajia vitu walivyopoteza."

Nikakaa. Mihayo alipoteza nini? Mashine aliiuza kwa hiari yake, ng'ombe tulikuwa nao mpaka mwisho.

"Weka kusikia," nikasema.

Ikaja sauti moja tu. Mtu anapiga kelele kama yuko kando ya mashine, anauliza, "Unasemaje? Ongea kwa nguvu!" Nikaziba mdomo kwa kitenge. Ilikuwa ile ile, nzito, yenye kikohozi kidogo kabla ya kila neno.

"Natamani kumsikia tena mama Odeta," alisema Mihayo. "Yule mwanamke alikuwa anaimba, kijana wangu. Akipalilia pamba, watu wa shamba la pili wanasimamisha majembe. Sasa masikio yamekufa. Lakini asubuhi akiwasha moto namwona, midomo inacheza, inacheza. Najua anaimba. Nakaa pale mlangoni, namwangalia mpaka chai iive."

Pamba tuliacha kulima zamani, na kuimba niliacha huko huko shambani. Asubuhi zile nilikuwa namsema. Kuni mbichi, yeye kakaa mlangoni kama gunia, hanyanyui hata sufuria, mume gani huyu, bora ningebaki kwetu. Niliyasema kwa sauti kwa kuwa nilijua hasikii. Naye alikuwa ananitazama na kutabasamu, na lile tabasamu ndilo lilikuwa linanichoma zaidi, nikidhani ananidharau. Odeta alikuwa akilala chumba cha pili. Alisikia kila neno.

Venant alizima, akajifuta uso kwa kiganja. Akaomba, kama sitajali, nimtajie jina la wimbo, auweke pamoja na sauti ya mzee.

"Ulikuwa unaimba wimbo gani asubuhi, mama?"

Odeta aliinamisha kichwa. Alinipapasa mkono.

"Ule wa kupalilia," nikamjibu. "Washa tena, nimsikie."