Mkate Uliomshusha Mize Kificho

Mize Kificho alimaliza nusu ya andazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kabla hajasuuza kikombe, visigino vyake vilikuwa vimeshaachana na sakafu. Bibi yake, Bi Mwanakheir, alikuwa akipepea makaa. Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma akampa jiwe.

Lilikuwa jiwe la foleni. Mwaka ule wa 1971 kila nyumba ya mtaa wao wa Mji Mkongwe ilikuwa na jiwe lake. Chakula kiligawiwa Alhamisi, na tangu Jumatano magharibi watu waliyapanga mawe yao mbele ya duka la ugawaji, kila jiwe likishika nafasi ya mwenyewe mpaka asubuhi. Hakuna aliyethubutu kulisogeza jiwe la mwenzake. La Mize lilikuwa pande la matumbawe, zito kama mtoto wa miezi sita, limeandikwa M.K. kwa rangi ya buluu. Siku zisizo za foleni alilipakata, nalo likamzuia asifike darini.

Kazini halikutosha. Mize alishona sare za wanafunzi katika karakana ya ushoni, kwa cherehani ya miguu, na ilipofika saa nne miguu ilikuwa ikining'inia shibiri moja juu ya kanyagio.

"Mwenzetu keshapanda," walisema washonaji. "Mize, hebu tufutie buibui huko juu."

Bwana Gharib, msimamizi, hakucheka. Alipima hewa iliyokuwapo baina ya nyayo na kanyagio kwa futi yake ya kushonea.

"Binti Kificho, cherehani inataka miguu," alisema. "Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ukiwa bado unaelea, nafasi yako atapewa mtu wa chini."

Mshahara wa Mize ndio uliowalisha yeye na bibi yake. Basi wakaanza kutafuta chakula cha asubuhi kitakachomwacha chini. Bi Mwanakheir alichukua kipande cha mkaa akawa anapiga mstari ukutani pale nyayo zilipofika. Ndizi mbivu, dhiraa mbili. Mkate wa kumimina, boritini. Asali ilimpeleka juu kwa kishindo, chokaa ya dari ikaanguka ndani ya chai. Chapati haikuwa na hata chembe ya sukari, lakini nayo ilimwinua, polepole, kama ndoo inayovutwa kisimani. Kitunguu kidogo tu ndani ya mchuzi kilitosha kumvua viatu. Maziwa yalimwinua upande mmoja, akashinda asubuhi nzima ameinama kama picha iliyotundikwa vibaya. Muhogo haukumpandisha, ulimtoa vipele vidoleni, na mshonaji hashoni kwa vidole vya namna hiyo.

Jumanne ikapikwa uji wa mchele, wa chumvi. Mize alikunywa bakuli zima, akasimama. Nyayo zilitulia sakafuni, zote mbili, mpaka vidole. Alitembea mpaka mlangoni akarudi. Siku ile alishona mashati tisa.

"Mchele basi," alisema Bi Mwanakheir, akautupa mkaa.

Ila mchele uliokuwamo ndani ya nyumba ulikuwa kibaba kimoja, na Jumatano ukaisha. Wiki sita mfululizo Jecha, mgawaji wa duka, alikuwa akifungua mlango, anatangaza kwamba mchele umekwisha, kisha anagawa unga wa ngano na sukari. Jumatano magharibi Mize alilipeleka jiwe lake, likawa la saba.

Alhamisi hapakuwa na cha kula ila ndizi, na bibi hakukubali mjukuu wake atoke na njaa. Mize alikula moja akaenda foleni akijishika: ukuta, dirisha, mnyororo wa mlango. Jiwe alilikuta pale pale, la saba. Ilibaki hatua tatu alifikie, ndipo akamwona Bi Wanu, aliyemsomesha Kurani utotoni.

Mtu hamwamkii mwalimu wake huku kang'ang'ania mlango wa watu. Mize aliuachia mnyororo, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Wanu, akiinua kichwa polepole kumfuata. "Chunga waya wa umeme."

Mize aliuchunga. Alipita dirisha la ghorofa ya kwanza, akaambiwa karibu, akasema starehe. Alipita la pili. Juu ya paa la duka alisita, na kutoka pale aliuona ua wa nyuma, ambao hakuna mtu wa foleni aliyewahi kuuona. Ulikuwa umejaa mchele. Magunia yalipangwa mpaka usawa wa ukuta, na kando yake Tabia, mkewe Jecha, ameketi mkekani anapeta mchele kwa ungo. Mize aliyahesabu mara mbili, kwa kuwa alikuwa mshonaji na hakupenda kukata kabla ya kupima.

"Magunia arobaini na moja!" alipiga kelele.

Foleni nzima iliinua vichwa. Jecha alitoka mlangoni na karatasi yake.

"Mchele umekwisha," alisoma.

"Upo! Nnauona!"

Jecha alitazama juu, mkono umekinga jua.

"Huo unaouona wewe," alisema, "si wa leo."

Watu walitazamana. Kisha mmoja mmoja waliokota mawe yao, wakapokea unga, wakapokea sukari.

Biasha, muuza samaki kutoka Tumbatu, hakupokea kitu. Alifungua kamba ya tenga lake, akaitupa juu, Mize akaidaka.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Ndizi."

"Na nyumbani kuna nini?"

"Sukari," alisema Mize, na machozi yakamtoka, yakaanguka juu ya kichwa cha Jecha. "Sukari na ngano. Na keshokutwa nafukuzwa kazi."

Biasha alimvuta mpaka usawa wa kifua, akaifunga kamba kwenye mlango, akatoa ndani ya ukaya aliojitanda mkate mdogo wa duara, mweusi kidogo, mgumu pembeni. Ulikuwa mkate wa mofa, wa unga wa mtama, uliookwa kwa kubandikwa ndani ya tanuri ya udongo. Akauwekea kipande cha samaki changu wa kuchoma. Mize alikula akiwa angali hewani. Alipomeza tonge la mwisho, kamba ililegea, na nyayo zake zikagusa mawe ya njia kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Mtama?" alisema Bi Mwanakheir alipoletewa habari na Biasha. "Mjini mtama ni wa kuku."

"Ndio maana kuku wenu hawaruki," alijibu Biasha.

Ijumaa Mize alikula mofa mbili. Jumamosi alikula tatu, akaingia karakana bila jiwe, akashona mashati kumi na manne, na kila mguu ulipokanyaga, sakafu ilitetemeka mpaka kwa Bwana Gharib. Alikuja na futi yake. Aliinama akatafuta pa kuipitisha, hakupata. Washonaji walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakauliza nani kaolewa.

Tangu siku hiyo Mize hakuinuka tena ila kwa hiari yake. Kila Alhamisi, kabla mlango wa duka haujafunguliwa, alikabidhi jiwe lake kwa Bi Mwanakheir, akajifunga kamba ya Biasha kiunoni, akala andazi zima lililopakwa asali. Alipanda ameinua kichwa, buibui limejaa upepo, watu wakampisha kama bibi harusi.

"Jamani!" aliita kutoka juu ya paa.

"Naam!" iliitika foleni.

"Leo hamsini na mawili!"

Jecha alitoka na karatasi yake, akasoma kwamba mchele umekwisha. Watu waliitazama ile karatasi, wakamtazama Mize, wakapokea unga na sukari. Biasha alivuta kamba. Mize aliteremka dirisha kwa dirisha, akala mofa zake amesimama barabarani mbele ya Jecha, akakung'uta makombo, akaenda kazini kwa miguu.