Kufuli kwa Nje

Mtu akikuambia kwamba kazi ya usiku ni ngumu, mwache aseme. Kazi ya usiku ni rahisi. Kinachomshinda mtu ni usingizi wa mchana, na mimi niliyekuwa gadi wa treni ya mizigo kutoka Voi miaka ile ya sabini naweza kula kiapo kwa hilo.

Treni yetu ilitoka Voi giza likishaingia, ikashika njia ya Taveta. Tulichukua mkonge Mwatate, tukakutana na wenzetu Maktau, tukabadilishana mabehewa na kurudi. Mbele alikuwa Jeconia, dereva, Mjaluo mwenzangu. Mimi nilikaa nyuma kabisa katika behewa la gadi, na taa yangu, bendera zangu na filimbi. Kulipopambazuka nilifika nyumbani macho yamejaa vumbi la makaa, na kumbe mke wangu Wakesho amekwisha kufagia, kufua na kuimba nyimbo zote za kanisani anazozijua. Wakesho ni Mtaita wa Wundanyi, na kule milimani kwao watu hulala kuku wakiingia. Kitanda chetu kilikuwa kama benchi la stesheni: mmoja anainuka, mwingine anakaa. Siku zangu za mapumziko ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Yeye alikoroma tangu jioni, mimi nikakodolea mabati macho mpaka asubuhi.

Wanawake wa nyumba za Reli walikuwa na dawa yao. Mume wa zamu ya usiku akishaingia kitandani, mke anatoka, anafunga mlango kwa nje kwa kufuli, anatia ufunguo kifuani na kwenda zake. Mgeni akija anaona kufuli, anadhani hakuna mtu, anaondoka. Majirani wakiliona wanajua mtu yumo amelala, na watoto wanafukuzwa wakacheze mbali. Ilikuwa heshima kubwa. Nilifungiwa kama mbuzi na nikashukuru.

Wakesho akaongeza yake. Tulikuwa na dirisha moja dogo, lenye nondo na ubao wa kufungia. Alilifunga kwa komeo, kisha akatundika juu yake blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu ili mwangaza usinisumbue. Alimgombeza hata jirani yetu Mideva kwa kutwanga mahindi asubuhi. Chumba kikawa giza totoro, kimya kabisa.

Na mimi humo sikuweza kulala. Masikio ya gadi yamezoea magurudumu. Magurudumu yakinyamaza mahali pasipo stesheni, ujue kuna jambo: mabehewa yamekatika, au ndovu amesimama relini. Kimya humgutusha gadi haraka kuliko honi. Kwa hiyo kila siku nilingoja kufuli lilie na nyayo za Wakesho zipotee, nikainuka, nikatoa blanketi, nikafungua dirisha. Kelele za yadi zikaingia, mabehewa yakigongana, watu wakitukanana, na hapo nikalala kama mtoto mchanga. Jioni, kabla hajarudi, nikafunga tena na kutundika.

"Umelalaje?" aliniuliza kila jioni.

"Vizuri sana. Hilo giza lako ni dawa."

Ningemwambia nini? Mtu amehangaika kwa ajili yako, amekosana na jirani kwa ajili yako, halafu umwambie mpango wake haufai kitu? Nilimpenda mke wangu, nikamdanganya. Lakini uongo wangu ulikuwa na kasoro. Blanketi nilikuwa nalitundika bila kuangalia, leo mstari mwekundu juu, kesho chini. Wakesho aliangalia. Jioni moja alinimiminia chai na kuniuliza kama Ajiambo muuza samaki hupita upande wetu mchana.

"Nitajuaje?" nikamjibu. "Si huwa nimelala?"

"Ndiyo," akasema. "Huwa umelala."

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua za vuli, zile zinazokuja na upepo. Kwa kawaida tulipika barazani, lakini mvua ilikuwa inapiga mpaka mlangoni, kwa hiyo Wakesho aliingiza jiko ndani likiwa limejaa makaa, na juu yake sufuria ya pure. Mahindi na maharagwe yanataka moto wa muda mrefu, na alitaka nikiamka nikute yameiva. Hakuona ubaya wowote. Kwao Wundanyi moto hulala ndani pamoja na watu, na mama yake alilea watoto wake wote kando ya moto. Lakini nyumba ya mama yake ilikuwa ya nyasi, na nyumba ya nyasi hupumua. Yetu ilikuwa ya saruji na mabati.

Kisha akachukua nyundo. Nilikuwa nimejifunika, nikasikia anapigilia misumari kwenye fremu ya dirisha.

"Unafanya nini?"

"Hili blanketi linaanguka anguka. Leo halitaanguka. Lala, mimi naenda Mwatate kwa shangazi, nitarudi jioni."

Kufuli likalia. Nikainuka kama kawaida, nikashika blanketi, nikakuta misumari imeshonana pande zote kama ya jeneza. Nilicheka. Nikajiambia siku moja ya giza haiui mtu, nikarudi kitandani. Na ajabu ni kwamba siku hiyo usingizi ulikuja upesi. Ulikuja mtamu, mzito, kutoka miguuni.

Kilichoniamsha ni kichwa. Kilikuwa kinanigonga ndani kwa ndani. Nilidhani ni malaria. Nikataka kukaa, mwili ukakataa. Nikaona macho mekundu ya jiko pale sakafuni, hayana moshi wala harufu, na hapo nikakumbuka walinzi wawili wa yadi waliojifungia na makaa ndani ya behewa msimu wa baridi. Waliamshwa asubuhi, hawakuamka.

Niliogopa. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nimeona simba akivuka reli mbele ya taa yangu sikuogopa hivyo, kwa sababu simba unamwona. Hiki kilikuwa kimekwisha kuingia ndani yangu nikiwa nimelala, na nilikivuta mwenyewe, pumzi baada ya pumzi, na sikuwa na namna ya kukataa kupumua.

Nilianguka kutoka kitandani. Nikatambaa, nikapindua sufuria yote ya pure juu ya jiko. Moto ukafoka na kuzima, lakini hewa ilikuwa ile ile. Nikajikokota mpaka dirishani, nikavuta blanketi, kona moja ikachomoka na vidole vyangu vikaisha nguvu. Nikarudi mlangoni, nikaupiga kwa ngumi.

"Fungueni! Ochola mimi! Nakufa!"

Kupitia upenyo wa chini ya mlango nilisikia kila kitu nje. Nilisikia mvua kwenye mabati. Nilisikia watoto wakikimbia, na Mideva akiwakemea: "Tokeni hapo! Hamuoni kufuli? Shemeji amelala, anaota treni yake." Watoto wakaondoka kwa adabu.

Nikapiga tena, nikafikiri nimepiga kwa nguvu, kumbe nilikuwa nakwaruza tu. Koti langu la kazi lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Nikalivuta, likaniangukia, nikatafuta filimbi mfukoni. Nikaweka mdomo sakafuni kwenye upenyo, pale palipokuwa na hewa kidogo ya mvua, nikapuliza. Nikavuta hewa, nikapuliza tena. Niliwaza Wakesho atakaposhuka jioni kutoka Mwatate, afungue kufuli taratibu ili asiniamshe, anifunike vizuri akidhani nimelala. Wazo hilo ndilo lililonitoa machozi.

Kisha nikasikia nyayo zikija mbio matopeni, na sauti ya mke wangu imejaa hasira.

"Mpigie! Mpigie filimbi! Leo nitamwona huyo unayemwita!"

Kufuli likafunguka, mlango ukanigonga kichwani, nikaangukia miguuni pake nikitapika.

Wakesho hakuwa ameenda Mwatate. Hana hata shangazi Mwatate. Tangu asubuhi alikuwa ameketi jikoni kwa Mideva, macho kwenye mlango wetu, akingoja kuona ni mwanamke gani nimfunguliaye dirisha kila mchana. Aliposikia nagonga, maneno yangu yakimezwa na mvua, alidhani nimekasirika kwa sababu ya misumari, akamwambia Mideva, "Mwache apige." Aliposikia filimbi, wivu ukamshinda. Huo wivu ndio ulioniokoa. Angeniamini, ningekufa.

Walinilaza barazani na Mideva akanipepea kwa ungo. Nilipopata sauti nilimweleza Wakesho yote, dirisha, kelele za yadi, jinsi kimya kinavyonigutusha. Alinisikiliza akiwa amekaa sakafuni, nguo zimelowa.

"Kelele tu?" akauliza. "Kwa sababu ya kelele?"

"Kelele tu."

"Kwa nini hukuniambia, Ochola?"

"Niliogopa kukuudhi."

Alifunika uso kwa leso akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na mimi, mzima, nikawa namfariji.

Kufuli alilitupa chooni siku hiyo hiyo. Blanketi likarudi kitandani. Mimi nikaanza kulala mchana dirisha wazi, mbele ya dunia nzima, na watoto wakija kuchungulia. Ungedhani mambo yameisha. Lakini hofu nayo huhamia ikishapata nyumba. Ilikuwa yangu ya mchana, ikawa ya usiku, kwa sababu usiku aliyelala ndani ya ile saruji alikuwa Wakesho, peke yake, na alipenda kaa moja mbili kando yake kama alivyolelewa. Aliniapia hatafanya hivyo tena. Nilimwamini nikiwa nyumbani. Nikiwa katika behewa langu sikumwamini hata kidogo.

Ndipo akabuni alama. Njia ya Taveta ilipita mbele ya nyumba zetu. Kila jioni ataweka jiko nje kwenye kizingiti, likiwa bado na moto, na mimi nikipita nilitazame. Nikiona wekundu nje, nijue ndani hakuna. Kwa wiki nyingi niliuona ule wekundu mdogo, nikautikisia taa yangu kama mjinga, ndipo nikaweza kukaa.

Usiku mmoja tulipopita, kizingiti kilikuwa cheusi.

Niliinama nje nikatazama tena. Kulikuwa kumenyesha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Treni ilikuwa inashika mwendo, na mbele hakuna pa kushuka mpaka Mwatate. Nilijiambia amelala tu mapema. Nikajiambia pia kwamba mimi nami nililala tu, siku ile. Gadi ana breki yake, na haruhusiwi kuigusa ila kwa hatari. Nikaivuta.

Mabehewa yaligongana moja baada ya jingine mpaka mbele kwa Jeconia. Sikungoja aulize. Niliruka na taa yangu, nikakimbia juu ya kokoto, nikapiga mlango kwa mikono miwili. Kimya. Nikapiga magoti, nikaweka pua kwenye upenyo, nikanusa, ingawa najua kile kitu hakina harufu. Nikapuliza filimbi chini ya mlango mpaka taa zikawaka kwa majirani.

Mlango ukafunguka. Wakesho alisimama na panga mkononi, nywele zimesimama, macho mekundu kwa usingizi.

"Jiko liko wapi?" nikamfokea. "Jiko liko wapi, Wakesho?"

"Mvua ililizima. Upepo ukaanza kuingiza maji dirishani, nikafunga. Nikalala." Alitazama nyuma yangu, kule gizani ambako Jeconia alikuwa anapiga honi bila kupumzika. "Ochola, treni iko wapi?"

"Imesimama."

"Umesimamisha treni?"

Akaweka panga chini, akanifunga koti vifungo ambavyo vilikuwa vimefunguka, polepole, kimoja kimoja.

"Nenda kazini," akasema. "Kuanzia leo silali usiku. Nitasuka vikapu, nitaimba, nitakaa macho mpaka urudi. Ukirudi tutalala wote."

Mabosi walininyeshea maneno, lakini hawakunifukuza. Na Wakesho alishika neno lake. Yule mtoto wa milima aliyekuwa akilala kuku wakiingia alijifunza kukesha kama gadi, na tukilala tulilala pamoja, mchana kweupe, dirisha wazi, mabehewa yakigongana yadini. Majirani walitutania kwamba hatujamaliza fungate. Hata leo, nimestaafu na kazi ya usiku imekwisha, bado tunalala hivyo. Watu hudhani tumepata raha yetu. Mimi huamka katikati ya usingizi kusikiliza kama anapumua, nikigeuza kichwa namkuta amekwisha kuamka, ananitazama kifuani.