Kufa Mbele ya Mama Falonne

Jumamosi hiyo Gaël alikuwa na haja moja tu: kufa vizuri. Afe kiume, na Mama Falonne amwone.

Mama Falonne, mwenye saluni yake Yeoville, mtaa wa wahamiaji, ndiye aliyemzaa Chloé. Na Chloé ndiye aliyemfanya Gaël, fundi cherehani hodari, ashone suruali ya mguu mmoja mrefu. Kisa cha kutaka kufa ni mbwa. Siku Gaël alipokwenda kujitambulisha, kijibwa cha jirani, cha kulala ndani ya kiatu, kilibweka, naye akaruka nyuma ya kitenge cha mama mkwe mtarajiwa. Jibu akapewa palepale: "Mutoto wangu haolewi na mutu wa kujificha nyuma ya kikwembe changu."

Basi Moraa, Mkenya mhadhiri wa chuo, alipotunga mchezo wa ukumbi wa kanisa, kuhusu kamanda wa ngome ya mpakani anayepigania uhuru huku akijua msaada hauji, Gaël aliinua mikono yote miwili apewe ukamanda. Ngome ikajengwa kwa makatoni ya spaza, kiduka cha mtaani. Wakongomani wakawa walinzi. Wakenya, wengi wao watu wa benki, wakawa jeshi la mfalme.

"Kuvamia watu na kuwatoa nyumbani kwao ni kazi yenu ya kila siku," Pitchou, naibu wa kamanda, aliwaambia. "Nyinyi mazoezi ya nini?"

Siku ikafika. Gaël akasimama ukutani, koti zito la kijeshi limemganda mwilini. "Anayetaka kutoka atoke. Mimi mlango huu nitakufa nao."

Jasho likamtiririka. Mama Falonne alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani, uso mkavu kama ugali wa jana.

Sasa, Moraa alitoka kwa watu wanaopiga makofi jambo likiisha. Hakujua kwamba mtu wa Wakongomani akifanya vizuri hawamngoji amalize. Wanainuka kumfuta jasho. Mama Brigitte, mke wa mchungaji, akatangulia na leso, kiuno kikijua njia. Wengine wakafuata na vitenge vya kumpepea. Mara ngome imejaa akina mama, kamanda haonekani.

Kang'ethe, jemadari wa mfalme, akafika na upanga wa plastiki akakuta foleni.

"Samahani, mama. Nimekuja kumuua huyo."

"Ngoja zamu yako, papa."

Huko ndani Gaël alikuwa akitokwa na jasho jipya. Tazama alipo: nyuma ya vikwembe tena, na safari hii ukumbi mzima ni shahidi. Akapenya kati ya akina mama, akaruka mlango, akasimama peke yake mbele ya jeshi lote la benki.

"Niko hapa, Kang'ethe. Njoo unichukue."

Kang'ethe akainua upanga. Ndipo Mama Falonne akainuka. Akaja polepole, akamfuta Gaël uso, shingo, hata nyuma ya masikio, kisha akamgeukia jemadari.

"Huyu ni mkwe wangu. Unamuua, nani atavaa suti ya harusi? Wewe?"

Kang'ethe akamtazama Moraa. Moraa akapekua karatasi zake; maneno hayo hayakuwamo.

"Gaël," akanong'ona kutoka pembeni, "tafadhali, kufa."

"Siwezi, mwalimu. Mama amekataa."

Hata hivyo ngome ilianguka kama ilivyopangwa. Akina mama walipoanza kucheza, makatoni hayakustahimili hata wimbo mmoja. Na jeshi la mfalme, likiwa halina tena wa kumpiga, likaomba kufundishwa hatua.