Feni Iliyozunguka Kinyume

Mama alitoka kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa figo zake zimeshindwa, akitetemeka, kama ilivyokuwa kawaida yake. Damu yake huzunguka nje ya mwili kwa saa nne, ndani ya mipira, na ikirudi huwa imepoa, hata akivaa sweta mbili. Ndiyo maana hita ya gari letu haikuwa anasa. Kutoka hospitali hadi nyumbani ni mwendo wa saa mbili, Jumatatu na Alhamisi, na msimu wa baridi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Tulishawahi kumpandisha basi. Alizimia kabla hajapata kiti, na baba akaapa kwamba jambo hilo halitarudiwa.

Alhamisi ile, tukiwa njiani kurudi, hita ilitoa mlio kama wa mtu anayesaga meno, kisha ikanyamaza. Kioo cha mbele kikajaa ukungu. Baba alilazimika kuteremsha dirisha ili aione barabara, nami nikawa nakifuta kioo kwa mtandio wangu. Mama alijikunyata kwenye kiti cha nyuma. Tulipofika, midomo yake ilikuwa ya kijivu na vidole vyake vilishindwa kufungua mlango.

Kesho yake tulikwenda gereji. Fundi, ambaye mtaa mzima humwita Polepole, alijilaza chali miguuni pa kiti cha abiria na kuichomoa mota ya feni. Ilikuwa imeungua, na mapanga yake ya plastiki yameyeyuka upande mmoja. Mpya ni laki moja na themanini, alisema, na ufundi elfu sitini, kwa sababu ili kurudisha nyingine sawasawa, dashibodi nzima lazima ishuke.

"Nimekuuliza bei ya feni, mwanangu," baba akamwambia, "wewe unanitajia mahari."

Polepole alicheka sana, lakini bei haikutikisika. Alisema tu kwamba kama mzee ataipata mota iliyotumika, atamfungia.

Baba ni fundi cherehani. Duniani hapa anaamini kitu kimoja, nacho ni kipimo. Aliiweka ile mota mezani kwake, akaizungushia futi kamba, akapima kina chake na umbali wa tundu hadi tundu, akaandika kwenye daftari la wateja, chini ya kiuno cha mwalimu mmoja. Jumamosi akanichukua twende yadi wanakouza vipuri vya magari mabovu.

Tulipata gari kama letu, tofauti rangi tu. Muuzaji akachomoa mota, baba akapima. Kila kitu kililingana. Basi wakaanza kupatana bei, na mimi nikamwona baba akifurahi kwa mara ya kwanza tangu mama aanze mashine. Alimwambia muuzaji kwamba gari lenyewe ni marehemu, kwa hiyo adai rambirambi, asidai bei. Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, na niliona kwamba usukani wa gari lile uko kushoto. Wa kwetu uko kulia. Sikujua hilo lina maana gani kwa feni. Nilijua tu kwamba si sawa, na kwamba inafaa kuuliza. Lakini baba alikuwa katikati ya utani, watu wamemzunguka, na mimi kukatiza maneno ya wakubwa mbele ya wageni sijawahi kukuweza. Nikajiambia feni ni feni. Wakakubaliana elfu arobaini.

Polepole alifanya kazi Jumapili, kutwa nzima. Alipowasha, mota ilizunguka vizuri, bila kelele, lakini hewa haikutoka. Akaweka kipande cha gazeti kwenye tundu la hewa. Hakikutikisika. Akafikiri kidogo, kisha akamuuliza baba usukani wa gari lile ulikuwa upande gani.

Baba hakujua. Hakuwa ameangalia.

"Kushoto," nikasema.

Wote wawili wakageuka kunitazama.

Polepole alieleza, taratibu kama jina lake, kwamba feni za magari yale huzunguka kinyume na zetu. Alibadilisha nyaya, ikazunguka inavyotakiwa, lakini mapanga yake yamepindiwa upande mwingine, na hewa iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayepuliza chai. Mapanga yetu yameshayeyuka. Yadi hairudishi pesa. Alipokea elfu hamsini badala ya sitini, naye akionekana kuona aibu, na baba akabaki na pesa ya mafuta ya wiki moja. Pesa nyingine ingepatikana baada ya miezi miwili, sare za shule anazoshona zikilipwa.

Njiani baba aliniuliza niliona saa ngapi. Nikamwambia, kabla hajalipa. Hakunigombeza. Alishika usukani kwa mikono miwili akasema, "Basi hata mimi ningekuwa wewe, nisingemkatiza mtu kama mimi."

Mama alitusikiliza akiwa kitandani. Hakuuliza bei. Alisema baridi ya njiani inamtoa roho kuliko ugonjwa, na kwamba kuanzia sasa tutakwenda mara moja kwa wiki, Jumatatu, mpaka jua litoke. Baba alisema hapana. Alisema hapana mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha akatoka nje.

Nesi alipiga simu Alhamisi saa nne asubuhi kuuliza mbona kiti kiko tupu. Nilimweleza. Akaniuliza kama ninaelewa maana ya mara moja kwa wiki kwa mgonjwa kama wetu.

Nikasema naelewa. Akasema basi kiti cha Alhamisi atampa mwingine, foleni ni ndefu. Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani, miguu yake imeshaanza kuvimba. Nikamwambia nesi ahsante.