Bei ya Msibani

"Mama Aniceti, hivi Amedeus anakutoza shilingi ngapi kukupeleka kanisani?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Zuwena, mama yake Tariq, mwenye duka pale kona ya mtaa wetu wa Maisaka. Nilikuwa nimekwenda kununua chumvi. Nikamjibu hanitozi hata senti. Tangu mume wangu afariki, kila Jumapili Amedeus husimamisha ile Korola yake nyeupe mbele ya nyumba yangu, anapiga honi mara moja, napanda, nashukia kanisani. Ni kijana wa jumuiya yetu, anamcha Mungu.

Zuwena akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Basi endelea kupanda, dada yangu. Sisi wengine ndio tunaokulipia."

Nilikasirika. Nilichukua chumvi yangu nikaondoka, na kwa wiki nzima nikanunua mahitaji yangu duka la mbali kwa Halidi. Sikumwuliza Zuwena ana maana gani. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini kuuliza hakuhitaji shule, na mimi sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko yote ninayoyaandika hapa.

Miaka ile tulikuwa tumelala wilaya tukaamka mkoa. Maofisi yakaja Babati, na watu wa maofisi wakaja nyuma yake, wa Iringa, wa Moshi, wa Songea. Chumba cha elfu tano kikawa cha elfu kumi na tano. Pale stendi ambapo zamani teksi zilikuwa mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa mbovu, sasa zikapanga mstari. Mgeni akishuka kwenye basi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, madereva wanajua papo hapo kwamba huyu hajui Maisaka iko upande gani.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Wolfgang, karani, mtu wa Songea. Alipanga nyumba ya pili kutoka kwangu, yeye na mke wake Clara na mtoto wao wa miaka miwili. Kijana mpole, akikupita bila kukusalimu ujue hajakuona. Jumamosi moja akaamka anaumwa kichwa. Jumatatu akawa hayupo. Malaria ilimpanda kichwani.

Kumsafirisha mpaka kwao hatukuweza. Tulikubaliana azikwe hapa hapa, ila tumsubiri mama yake amwone mwanawe. Mama huyo alisafiri siku tatu, Songea mpaka Dar, Dar mpaka Arusha, Arusha mpaka kwetu. Ijumaa mchana, tukiwa jikoni nyuma ya nyumba, mimi na Kindness mke wa Amedeus tunasonga ugali wa waombolezaji, tukasikia gari.

Ilikuwa Korola ya Amedeus. Kindness akafurahi. "Afadhali mama amempata dereva tunayemfahamu," akasema, akafuta mikono tukakimbia mbele.

Akashuka mama mzee, mwembamba, amejifunika kanga. Desturi yetu mnaijua, mfiwa akifika kilio kinaanza upya. Clara akajitupa chini. Mimi nikamshika yule mama mkono wa kulia. Upande wa kushoto alisimama Amedeus, begi la mama mkononi, akainama akamwambia neno sikioni. Mama akafungua fundo la kanga, akampa kitu. Ndipo Amedeus akaweka begi chini, akaondoka kwa adabu, kichwa ameinamisha.

Watu husema mimi naona mpaka sisimizi akipita. Hilo nililiona kwa macho yangu mawili, na nikalielewa vibaya. Nilidhani anampa pole, na mama anamshukuru kwa chochote.

Tulizika Jumamosi. Jumatatu wageni wote wakaondoka, wakabaki Clara na mama mkwe wake. Jumanne mama yupo. Jumatano yupo, anafagia uwanja, anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, haongei habari ya safari. Maneno yakaanza kuzunguka. Anasubiri mafao ya ofisini. Anayapigia hesabu makochi.

Clara akaja kwangu macho mekundu. "Mama Aniceti, huyu mama anangoja nini? Mimi nimefiwa na mume, sasa nilinde na kitanda?"

"Usiseme hivyo, mwanangu. Amezaa."

"Na mimi nimezaa!"

Alhamisi nikamfuata yule mama nyuma ya nyumba. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikaketi, nikachukua sufuria nyingine. Tukasugua. Akaniambia nyumbani amemwacha Baba Wolfgang kitandani, amepooza upande mmoja, na hajaambiwa kama mtoto amefariki. Jirani alikubali kumlisha kwa wiki moja. Wiki imekwisha, na sasa hajui analishwa na nani.

"Sasa mama, unarudi lini?"

Akaongeza majivu kwenye sufuria. Halafu akasema, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, "Mna ziwa zuri. Siku naingia niliona na viboko."

Mikono yangu ikasimama. Basi la Arusha linaingia stendi bila kufika ziwani. Na kutoka stendi kuja Maisaka, ziwa unaliacha nyuma ya mgongo. Gari haliwezi kulipita ila dereva aamue kwenda upande ambao siko.

"Uliliona ukiwa kwenye gari gani, mama?"

"Kwenye teksi. Dereva alisema njia imefungwa. Tukaenda ziwani, tukapita mashamba ya mahindi, tukarudi tena pale pale mjini, ndipo tukaja huku."

"Bei mlipatana?"

"Nilimwuliza pale stendi. Akaona kanga yangu, akaniuliza naenda wapi. Nikasema namzika mwanangu. Akasema, 'Mama, unakwenda kuzika, panda tu, bei ni kitu gani.' Nikasema moyoni, Mungu amechukua mtoto mmoja amenionyesha mwingine." Akamwaga maji ya majivu chini. "Tulipofika mlangoni akasema elfu ishirini na tano."

Nauli ya stendi mpaka Maisaka siku zile ilikuwa elfu moja mia tano.

Ile elfu ishirini na tano ilikuwa nauli yake ya kurudi Songea. Yote.

"Kwa nini hukusema?"

Akaniangalia kama anamwangalia mtoto. "Mwanangu yuko kwenye sanduku. Watu wanalia. Nisimame mlangoni nigombee bei? Mngesema huyu ni mama wa namna gani? Na kumwomba mkwe wangu siwezi. Ana mtoto wa kulea."

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Zuwena. Sikununua kitu.

"Mama Tariq, uliniuliza swali nikakununia. Leo nataka unieleze."

Akafunga daftari lake. "Hujui? Anifa, mtoto wa kaka yangu, alipokuja kumzika baba yake, elfu kumi na tano, mlangoni, akiwa analia. Huo ndio mchezo wake. Mtu wa kawaida akimwuliza bei anaambiwa hapo hapo stendi. Mwenye kanga ya msiba haambiwi. Anazungushwa kwanza vijiji vya kando, Nakwa, Singe, mpaka mita ya moyo wake ishibe. Kisha anafikishwa kwenye kilio. Nani atabisha bei kwenye kilio?"

"Na ukanyamaza?"

"Nimwambie nani? Wewe nilikugusia kidogo tu, wiki nzima ukala chumvi ya Halidi."

Jioni ile nilishika rozari, lakini hasira ilikuwa inapita katikati ya punje na punje. Mjane, yatima na mgeni, Mungu amewataja pamoja, akawawekea uzio mmoja. Huyu kijana ameutoboa uzio huo, na mimi kila Jumapili napandishwa kiti cha mbele.

Tumefundishwa ukikosewa na ndugu umwendee kwanza mkiwa wawili. Ijumaa asubuhi nikaenda stendi kwa miguu. Amedeus alikuwa anapangusa kioo.

"Shikamoo mama! Leo safari ya wapi?"

"Sina safari. Nataka nauli ya mama yake Wolfgang. Chukua elfu moja mia tano yako, nyingine nipe nimpelekee."

Akaacha kupangusa. Madereva wenzake wakasogea.

"Mama, biashara ni makubaliano."

"Mlikubaliana wapi?"

"Alilipa mwenyewe. Nilimkaba?"

"Ulimzungusha mpaka ziwani."

"Nilimwonyesha mji! Mgeni si lazima aone mkoa mpya?" Wakacheka. Alipoona wamecheka akapata nguvu. "Halafu wewe mama, tuambiane kweli. Jumapili nani anakupeleka kanisani? Mafuta ya gari langu yanachotwa bombani? Miaka mitatu sijakudai hata mia. Leo umekuja kunidai mimi?"

Uso uliniwaka. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimebebwa kwenda kumwomba Mungu kwa machozi ya watu.

"Kuanzia leo usipige honi kwangu," nikamwambia. "Na Jumapili njoo kwenye kikao cha kumaliza msiba. Usikose."

"Nitakuja. Mimi ndiye niliyebeba maua ya kaburini siku ya kuzika."

Jumapili nilikwenda misa kwa miguu, nikachelewa wimbo wa kwanza, na mchana tukakutana kwa Clara. Wanaume kwenye mabenchi, sisi kwenye mikeka. Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyeongoza. Alisoma michango, akasoma matumizi, akasema imebaki elfu thelathini na nane, itakabidhiwa kwa mjane na mtoto. Kisha akasimama kuuliza lile swali ambalo kila msiba huisha nalo.

"Kama kuna mtu anayemdai marehemu, aseme sasa. Kama kuna mtu anayedaiwa na marehemu, aseme sasa."

Kwa kawaida watu hukaa kimya, mzee anahesabu pumzi tatu, tunasali, tunakula. Pumzi ya pili nikasimama.

"Mimi nina dai. Simdai marehemu. Ni mama yake anayedai, na anayedaiwa yupo hapa amekaa."

Yule mama akanivuta kanga. "Mwanangu, acha."

Sikuacha. Nilisema yote, stendi, ziwa, begi alilolishikilia mlangoni mpaka alipwe. Nilisema na la kwangu pia, kwamba nilikuwa napanda gari hilo bure na sikutaka kujua linakula nini. Clara alikuwa amemwangalia mama mkwe wake mdomo wazi.

Mzee Shomari akakohoa. "Mama Aniceti, tunakuheshimu. Lakini haya ni mambo ya stendi. Tusiyalete msibani."

"Msibani ndiko yalikofanyika, mzee."

"Na mimi wa kwetu alifanyiwa hivyo hivyo," Zuwena akasema kutoka nyuma. Mwanamke mwingine akasema, "Hata shemeji yangu wa Singida." Mabenchi yakaanza kunong'ona.

Amedeus akasimama, akatabasamu kwa mabenchi. "Wazee wangu, huyu mama ni mtu mzima. Kama bei ilikuwa mbaya angesema. Mbona hakusema?"

"Mama," Mzee Shomari akamgeukia mama yake Wolfgang, "uliikubali bei?"

Mama hakuinua uso. "Nilikuwa nataka kuingia kumwona mwanangu. Yeye alikuwa ameshika begi langu. Suti ya kumzikia mwanangu ilikuwa humo."

Hilo hata mimi alikuwa hajaniambia.

Mzee Shomari akapangusa miwani yake. Alikuwa mtu mzuri, ila aliogopa ugomvi kuliko dhambi. "Basi," akasema, "ili tusivunje umoja, tutoe elfu ishirini na tano kwenye masalio ya michango, mama asafiri kesho, na tufunge jambo."

"Masalio ya nani?" Nilisikia sauti yangu inapanda na sikuishusha. "Hiyo ni ya mjane na mtoto wa miaka miwili! Aibe huyu, alipe yatima, halafu tuite umoja?"

"Mama Aniceti, kaa."

"Sikai."

"Ametoa wazo zuri mzee," Amedeus akasema, na akakaa yeye, akakunja mguu juu ya mguu. "Mimi sina kinyongo."

Kindness alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango. Wiki ile yote alikuwa wa kwanza kufika kwa Clara na wa mwisho kuondoka, moshi umemtoa machozi kuliko wafiwa. Nilipokuwa nasema sikuthubutu kumwangalia. Sasa nikamwona amesimama. Akapita katikati ya miguu ya wanawake mpaka alipokaa mama yake Wolfgang, akapiga magoti. Akatoa kifuani kipochi kidogo cha plastiki. Sote tulikijua, ndicho anachowekea hela za maziwa anayouza asubuhi mlango kwa mlango. Akakigeuza chini juu. Noti zilikuwa ndogo ndogo, zimekunjwa, na sarafu zikaviringika mkekani. Mwanamke mmoja akaanza kuziokota, akampa mama mkononi.

"Pole mama," Kindness akasema. "Pole ya mwanao."

Mama akamshika uso kwa mikono miwili.

"Kindness!" Amedeus alikuwa ameshusha mguu. "Hiyo ni ada ya mtoto. Rudisha. Kaa chini, nitaongea na mzee mimi mwenyewe. Kindness!"

Kindness akainuka. Akamwangalia mume wake kidogo tu, kama mtu anayeangalia namba ya nyumba akagundua siyo. Akaenda mlangoni, akavaa ndara zake, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akatoka.