Upepo wa Motokari

Mama Djamila alikuwa akipeta mchele ndani ya nyumba kwa sababu upepo ulikuwa ndani ya nyumba. Nje jua la saa tisa lilikuwa limelalia mabati ya Kasongo, na hata majani ya mgomba hayakutikisika. Yeye aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akarusha mchele juu ya ungo. Upepo ulitoka katika ukuta wa nyuma, ukuta wa matofali mabichi usio na dirisha, ukapita juu ya kitanda, ukachukua makapi na kuyapeleka uani. Kuku walikuwa wakiyangoja. Walishazoea.

Upepo huo ulinuka grisi, chuma na maji ya kutu. Harufu aliijua. Shati la marehemu Atumani, mume wake, lilinuka hivyo miaka kumi na minane. Atumani alikuwa shofere wa motokari ya wagonjwa, gari kuukuu ambalo jamaa za mji walilinunua kwa mchango, wenye maduka wakitoa pesa na wenye mashamba wakitoa mpunga na mihogo, ili mgonjwa asibebwe tena juu ya pikipiki kama gunia.

Saa hiyo hiyo, upande wa pili wa soko, fundi Ruphin alikuwa ameinama mbele ya motokari hiyo kwa siku ya tatu. Ugonjwa wake ulijulikana. Ikitembea, mshale wa joto unakaa katikati. Ikisimama huku motere, injini yake, inawaka, mshale unapanda, na kabla mtu hajamaliza rakaa nne maji yanachemka na kumwagika chini. Ruphin alikuwa mtu wa Kabambare, asiyependa kubahatisha. Alikuwa ameosha radiatere, ile inayopoza maji ya motere, na kuitoa tope la njia ya Lusangi pamoja na panzi waliokauka. Alikuwa amefungua kile kizibo kidogo kinachoachia maji yakipata moto, akakitumbukiza katika sufuria ya mke wake jikoni, akakiona kinafunguka vizuri. Mke wake alimwambia sufuria hiyo sasa ni ya garaji, anunue nyingine. Mkanda ulikuwa umekaza. Pompi ilikuwa inasukuma maji. Vantilatere, ile feni inayovuta hewa kupitia radiatere, ilizunguka hata mapanga yake hayakuonekana.

Basi akachana karatasi ya daftari, akaiweka mbele ya radiatere. Feni nzima huivuta karatasi ikanata. Hii ilianguka. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka tena.

“Vantilatere inazunguka,” alimwambia Junior, shofere mpya. “Upepo haiko.”

“Iko wapi?”

“Iko fasi ingine.”

Junior akasema labda iko kwa Mama Djamila, maana kule kuna upepo, hata dada yake anapelekaka mpunga wake. Ruphin akafuta mikono, akakunja ile karatasi, akaenda.

Alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi, akaulizwa habari za watoto mmoja mmoja. Kisha akaomba ruhusa ya kugusa ukuta. Ulikuwa mkavu na mzima. Akatoa simu, akamwambia Junior azime motere. Upepo ukakata, makapi yakabaki juu ya ungo. Akamwambia awashe. Upepo ukarudi. Walifanya hivyo mara tano, kwa sababu fundi haamini mara moja. Junior alipokanyaga mafuta, pazia la mlango lililala hewani kama bendera, na ile karatasi ikamtoka Ruphin mkononi ikaangukia kuku.

“Mama Djamila, hii upepo ni ya motokari,” alisema. “Ilianza lini?”

“Siku ya Djamila.”

Siku ya Djamila ilikuwa hivi. Atumani alikuwa amekufa, na mama alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda, amejifunika nguo nyeupe, hatoki uani. Djamila, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minane, aliamka asubuhi akaona damu. Mama akamtuma jirani yake, Sifa, kwa Prezida wa komite inayoangalia motokari. Sifa alirudi akihema. Alikuwa ameambiwa mlangoni kwamba motokari iko en panne, imeharibika, motere inachemka, wavumilie, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika daftari la wagonjwa la komite. Dini ingemruhusu mjane kutoka kwa dharura kama ile, na Mama Djamila alijua. Lakini neno la Prezida lilikuwa limeshatoka, na mjane wa heshima haendi barabarani na nguo za eda kuhakikisha neno la Prezida. Akabaki. Mabati yalikuwa ya moto. Alimpepea binti yake kwa kipepeo cha ukindu tangu asubuhi, akabadilisha mkono, akabadilisha tena, mpaka muda mfupi baada ya Adhuhuri akagundua kwamba anampepea mtu ambaye hasikii tena joto.

Wanawake walipokuwa wanamwosha, upepo ulitoka ukutani. Walisema ni rehema. Mama Djamila naye alisema alhamdulillahi.

Ruphin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampigia Junior tena, akamuuliza motokari ilianza kuchemka siku gani. Junior hakuwa na la kuficha, hakuna aliyekuwa amemwambia afiche. Alisema ni siku ya harusi ya binti mkubwa wa Prezida. Motokari ilisimama uani tangu asubuhi ikiwaka, waya za muziki zimefungwa kwenye batri, kwa sababu hakukuwa na moto wa umeme mjini. Asubuhi yote ilikuwa vizuri kabisa. Ilichemka baada ya Adhuhuri, watu wako kwenye pilau, kofia ya radiatere ikaruka, ikamwangukia mjomba wa bwana harusi kwenye sahani. Watu walicheka sana.

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Ruphin aliiangalia ile simu, akaangalia ukuta, hakumwangalia mama.

“Asubuhi ile motokari ilikuwa muzima,” alisema.

Mama Djamila aliweka ungo chini. Akachukua tasbihi yake, akaipitisha yote vidoleni, punje moja baada ya nyingine, na Ruphin akangoja.

“Mungu alimuchukua mutoto wangu, hiyo nakubali,” alisema mwishoni. “Lakini mu daftari wameandika en panne. Wasimusingizie Mungu, fundi. Uende, useme vile umesema hapa. Wafute, waandike vile ilikuwa. Kingine sitaki.”

Ruphin akaahidi.

Komite ilikutana Ijumaa baada ya sala, kwenye baraza ya Prezida Souleymane, mfanyabiashara wa simenti na vitambaa, mtu mpole ambaye hakupata kumpigia mtu kelele. Ruphin alisimama, akavua kofia, akaeleza. Alieleza radiatere, kizibo, mkanda, na karatasi iliyoanguka. Alieleza ukuta. Kisha akasema kwamba upepo ulihama siku Djamila alipokufa, baada ya Adhuhuri, na kwamba kabla ya hapo motokari haikuwa na ugonjwa wowote. 

Hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja alisema shangazi yake wa Nyangwe alikuwa na mtungi uliokuwa ukipiga mawimbi kila mtumbwi ulipovuka mto. Prezida alishika kidevu, akafikiri.

“Na hiyo upepo iko mingi?”

“Iko ya kutosha, Prezida.”

“Inatoka kwa mulango?”

“Inatoka kwa mulango.”

“Motokari ikisimama pale, uso yake kwa mulango, itachemka?”

Ruphin alikuwa fundi, na alikuwa ameulizwa swali la ufundi. Alijibu kabla hajajua anajibu nini. Akasema haitachemka.

Prezida akauliza waya ya kutoka kwa Mama Djamila mpaka uani kwake itakuwa metre ngapi. Harusi ya Malaika, binti yake wa pili, ilikuwa mwezi unaofuata. Mtu akasema metre mia na ishirini, mwingine akasema mia na hamsini ili isikazwe. Walikubaliana mia na hamsini. Kuhusu daftari, sekretere, Ismaël, alisema kwa masikitiko kwamba ukurasa ule umetiwa sahihi na muhuri, na ukurasa wenye muhuri haufutwi, la sivyo daftari lote litakuwa la mashaka. Prezida akasema kuwachokonoa marehemu si adabu. Wakainua mikono, wakamsomea Djamila Fatiha.

Jioni Ruphin alipita kwa Mama Djamila. Alibaki amesimama.

“Nilisema, Mama. Walisikia.”

“Wakaandika?”

“Waliuliza waya.”

Wiki iliyofuata komite ilituma mwashi apanue mlango kwa mkono mmoja kila upande, upepo upate njia. Pazia likaondolewa kwa sababu lingevutwa na kuziba radiatere. Walimletea Mama Djamila kitenge kipya na kilo mbili za sukari, na Prezida mwenyewe alikuja kumshukuru, akamwambia kwamba sasa nyumba yake ni nguzo ya mji. Alimkuta anatia udhu. Alimngoja amalize, maana alikuwa mtu wa heshima.

Siku ya harusi ya Malaika motokari iliingizwa uani kwa Mama Djamila asubuhi, pua yake ikasogezwa mpaka kizingitini. Junior akawasha. Upepo ukatoka ukutani, ukapita juu ya kitanda cha Djamila, ukaingia katika radiatere. Mshale ukakaa katikati, haukusogea. Waya ilipita juu ya ukoka, juu ya paa la choo cha Sifa, ikapotea upande wa Prezida, na baada ya muda mfupi muziki ukasikika, mzuri, bila kukatika. Mama Djamila aliketi pembeni mwa mlango na tasbihi yake. Hakuwa katika eda tena. Angeweza kutoka, lakini mlango ulikuwa umejaa motokari.

Saa nane pikipiki ilisimama nje. Mwanamke mmoja alishuka na mtoto amefungwa mgongoni kwa kitambaa. Aliitwa Régina, ametoka mashambani, njia ya Lusangi, tangu alfajiri. Mtoto, Sarah-Grâce, alikuwa na homa ya siku nne, na alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili njiani, macho yakageuka. Kwenye kituo kidogo cha dawa walikuwa wamemwambia hawana cha kumtia mshipani, ampeleke hospitali ya mbali, na wamemwambia mji huu una motokari ya wagonjwa. Aliiona. Akaweka mkono juu ya kapo, kifuniko cha motere, akasikia inatetemeka.

“Asante Yesu, inawaka,” alisema.

Junior alimpigia Prezida simu. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akakata. Alimwambia Régina avumilie, motokari iko na kazi mpaka muziki iishe. Hakuweza kumwangalia wakati anasema.

Mama Djamila alisimama. Akaweka mkono juu ya ubao wa mlango, ambao sasa ulikuwa mpana na mzito.

“Junior. Nikifunga hii mulango?”

“Itachemka, Mama. Muziki itakufa.”

“Na motere?”

“Kichwa ya motere itapasuka. Kipande yake haiko hapa, mpaka Bukavu. Halafu hakuna atakayebebwa, huyu wala mwingine.”

Mkono wake ulibaki juu ya ubao. Wimbo mmoja uliisha, mwingine ukaanza. Kisha akauondoa. Mlango ukabaki wazi.

Alimshika Régina bega, akampitisha kati ya ukuta na motokari, akamwambia amlaze mtoto kitandani. Régina akauliza ni kitanda cha nani. Akajibiwa ni cha binti wa nyumba. Upepo ulimpitia mtoto kichwani mpaka miguuni, ukasogeza nywele zake. Ngozi ikapoa kidogo, akafungua macho, akaomba maji. Régina alitafuta kitu cha kupepea, kwa mazoea, akaona hakihitajiki.

Saa tisa Ismaël, sekretere, alikuja na daftari kwapani, mdomo wake bado uking'aa mafuta ya pilau. Kanuni ilikuwa kwamba kila mgonjwa anayefika aandikwe. Alifungua daftari juu ya kapo, akaandika tarehe, akaandika jina la mtoto na la mama yake. Upepo ulikuwa ukitoka mlangoni kwa nguvu, ukazirudisha kurasa, moja, tatu, kumi, zikasimama katika ukurasa wenye muhuri. Mama Djamila alikuwa amesoma mpaka darasa la tano. Aliona jina la binti yake, na mbele ya jina, kwa herufi nzuri zilizolala upande mmoja: motokari en panne.

“Mama, unisaidie,” Ismaël alisema. “Ushike hapa kwa kidole, hii upepo yako ni mubaya.”

Akarudi kwenye ukurasa wa siku. Mama Djamila akaweka kidole juu ya pembe ya karatasi. Chini ya kidole chake kapo ilikuwa inatetemeka, vuguvugu tu.

“Ismaël, mwanangu. Andika vile iko.”

“Mama, ni vile tunaandikaka.”

Aliandika maneno yale yale, polepole, kwa sababu alijivunia mwandiko wake. Mama Djamila alifuata kila herufi mpaka ya mwisho. Upepo ulivuta karatasi, ukaivuta tena. Yeye alikaza kidole, isichanike, mpaka wino ukakauka.