Doa la Jumapili

Mashine ya kutibu macho niliichagua mimi, nisimsingizie mtu. Miaka thelathini na moja nimesaga vioo vya miwani hapa mjini Danyang. Nani angenifundisha habari za macho? Mkaza mwanangu, Lirong, alitaka ile ya kliniki. Mwanga wake hafifu, na dakika tatu zikitimia inajizima, haiwaki tena ng'o mpaka saa nne zipite. Mimi nikachukua ya dukani, inayowaka mpaka ukuta unakuwa mwekundu.

"Mama, si kila iliyo kali ni bora," Lirong akasema.

"Wewe umesaga vioo vingapi?" nikamjibu. Ujuaji wangu huo!

Mjukuu wangu Keyan ana miaka minane na vitu vya mbali havioni vizuri. Kila asubuhi kabla ya uji, na kila jioni akitoka shule, hubana uso kwenye matundu mawili ya mashine na kutazama wekundu ule, ili macho yasizidi kuharibika. Kisha hufumba, nami nahesabu mpaka doa la mwanga linalobaki limtoke machoni. Daktari wake wa macho alitupa onyo mara mbili: doa likipita dakika tano, acheni, mleteni mtoto.

Siku ya kwanza nilihesabu mpaka nikachoka. "Bado, bibi. Bado."

"Unatega wewe! Shule huitaki!" nikamfokea.

Tangu hapo nikifika mia na kumi, Keyan husema, "Limeisha." Kila siku mia na kumi, haipungui, haizidi. Nami nikawatambia majirani kwamba mashine yangu inafanya kazi.

Jumatano hii tulikuwa tunakula maandazi ya nyama. Keyan akamimina siki mezani, kando ya kisahani. Akageuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, ndipo akakiona. Lirong akacheka: "Mvivu huyu, hata kutazama hataki!" Mimi sikucheka.

Nikamketisha mbele yangu, dirishani penye jua.

"Keyan, bibi hagombi leo. Nitazame. Doa limeisha?"

"Limeisha."

"Sema kweli, mwanangu. Sikufokei tena."

Akanitazama, lakini macho yake yakatua sikioni kwangu.

"Lipi, bibi?" akauliza taratibu. "La leo limekaa juu ya la jana. La Jumapili ndilo lililofunika uso wako."